Barolo imenikausha mdomo: je, imeharibika?

Msomaji wa Dodoma ameniandikia hivi:

“Kaka, habari za kazi. Shemeji yangu anayeishi Torino alikuja likizo na chupa ya mvinyo imeandikwa Barolo, ya mwaka 2019. Akasema huko Italia ni mvinyo wa heshima, haufunguliwi ovyo. Jumapili tukautoa kwenye friji tukaufungua kwa chakula cha mchana, sato wa kukaanga na kachumbari yenye pilipili. Kwanza rangi ilitushangaza, hafifu kama juisi ya choya iliyozidishwa maji. Nilipokunywa, mdomo wote ukakauka, ulimi ukawa kama nimekula bibo lisiloiva. Mume wangu anasema umeharibika. Sisi tumezoea mvinyo wa hapa kwetu, ule mtamu. Nusu chupa bado ipo kwenye friji, nimeona uchungu kuimwaga. Je, umeharibika kweli? Na kama ni mzima, wanaousifia wanasifia nini?”

Dada yangu, usiimwage. Kwa dalili ulizonipa sioni ubovu wowote. Rangi hafifu na mdomo kukauka ndizo alama mbili ambazo mtu anayeijua Barolo huzitafuta kwanza, nawe umezishika zote mbili siku ya kwanza bila kufundishwa na mtu. Kilichokosekana mezani kwenu ni vitu vidogo: joto la mvinyo, chakula cha kukaa nao, na saa mbili za subira. Nitavieleza vyote, ila niruhusu nianzie kwenye bibo, maana hapo ndipo ulipogusa kiini cha jambo lenyewe.

Unapokula bibo lisiloiva, au ndizi mbichi, unapata ukakasi. Nilipokwenda Alba, mji wa Italia kaskazini, kujifunza kazi hii ya kuhudumia mvinyo, baada ya miaka tisa ya kuhudumia meza za Waitaliano kwetu Malindi, mwalimu alitumia asubuhi nzima akijaribu kutueleza tanini ni nini. Alitugawia maganda ya zabibu tutafune, kisha kila mmoja aandike alichokihisi. Wenzangu wakaandika: uchungu, ukali, uchachu. Mimi niliandika neno moja tu, ukakasi, nikaona haya kwa kuwa halikuwa la Kiitaliano. Leo nalitaja kwa fahari. Nililijua tangu utotoni, chini ya mkanju, kama tunavyouita mkorosho upande wetu, na linataja kitu kile hasa bila kukichanganya na kingine.

Ukakasi ni mguso zaidi ya kuwa ladha. Mate yetu yana protini zinazoufanya mdomo uteleze. Tanini, ambazo zimo kwenye maganda na kokwa za zabibu, huzishika protini hizo zikagandamana, na mara ulimi na ufizi vinaanza kukwaruzana bila kilainishi. Ndiyo maana ulihisi ukavu ilhali ulikuwa umetoka kumeza kitu cha majimaji.

Ukitaka kulijua jambo hili kwa mdomo wako, jaribu jikoni kesho asubuhi. Chemsha majani ya chai bila sukari wala maziwa. Mimina kikombe kimoja baada ya dakika mbili, mengine yaache yachemke dakika ishirini. Onja cha kwanza, kisha cha pili. Cha pili kitakukamata ufizi. Sasa tia kijiko kimoja au viwili vya maziwa, koroga, onja tena: ukakasi umepungua sana, kwa sababu protini za maziwa zimezikamata tanini kabla hazijayafikia mate yako. Baada ya hapo kamulia limau kwenye maji matupu, unywe funda moja. Mate yatakujaa mdomoni. Huo ni uchachu. Ukakasi huyakausha mate, uchachu huyaita. Barolo inavyo vyote viwili kwa wingi, na vinavutana mdomoni, na mvutano huo ndio unaomfanya mtu atamani kipande cha nyama, kisha funda jingine. Mtu aliyezoea mvinyo mtamu, ambao sukari yake huufunika uchachu na ukakasi, lazima ashtuke. Hata mimi nilishtuka.

Barolo ni jina la kijiji, si la zabibu. Zabibu yenyewe inaitwa Nebbiolo, na watu wengi huko Piemonte, mkoa wa kaskazini-magharibi mwa Italia, watakuambia jina hilo linatokana na nebbia, yaani ukungu, ule unaojaa mabondeni mwa vilima vya Langhe wakati wa mavuno. Nebbiolo ni ya kwanza kuchipua na ya mwisho kuiva. Wenyeji huichuma mwezi Oktoba, wakati zabibu nyingine zilishakwisha kukamuliwa. Kwenu Dodoma mzabibu haulali, mnavuna mara mbili kwa mwaka. Langhe mzabibu hulala miezi yote ya baridi ukiwa fimbo tupu, huzaa mara moja tu, na kile kinachopatikana kimechukua muda mrefu kuliko kawaida kukusanya harufu. Ngozi ya Nebbiolo haina rangi inayoshika sana, ndiyo sababu ya ile choya iliyozidishwa maji, lakini imejaa tanini. Kwa hiyo jicho linakuahidi kitu chepesi na mdomo unakuta kitu kizito. Wageni wengi hudanganyika hapo. Nilipokuwa nikihudumu, nilizoea kuwaambia kabla hawajanywa, ili wasimwite meneja.

Vijiji vinavyoruhusiwa kutengeneza Barolo ni 11, na chupa haiwezi kuuzwa kabla ya miezi 38, ambayo 18 kati yake lazima iwe ndani ya pipa la mbao. Ikiandikwa Riserva, miezi inafika 62. Chupa yenu ya 2019 basi ilitunzwa na mtengenezaji zaidi ya miaka mitatu kabla ya kufika dukani, na bado ni changa. Ningekuwa nimeulizwa kabla, ningesema muiache miaka mingine mitano. Lakini imeshafunguliwa, na Barolo changa nayo ina raha yake ukiijua njia.

Umeniuliza wanaousifia wanasifia nini. Siwezi kukujibu bila kukueleza ugomvi mmoja, kwa kuwa wengi huusifia mvinyo huu ukiwa “wa jadi”, na neno hilo lilipatikana kwa kugombaniwa.

Wazee wa Langhe walikuwa wakiziacha juisi na maganda pamoja siku 30, 40, hata zaidi. Zabibu zikishachachuka, maganda huelea juu. Wao waliyakandamiza chini kwa mbao yabaki yamezama, yazidi kutoa tanini. Kisha mvinyo uliingia kwenye botti, mapipa makubwa ya mwaloni wa Slavonia, mengine yanayomzidi mtu kimo, yaliyotumika miaka mingi mpaka mbao zake hazina tena ladha ya kutoa. Humo ulikaa ukipumua polepole. Matokeo yake yalikuwa mvinyo mkali ujanani, wa ajabu uzeeni. Shida ni kwamba wanunuzi wa nje hawakutaka kungoja miaka 15. Mashamba yakawa hayalishi familia, vijana wakahamia viwandani Torino.

Mwaka 1983 kijana mmoja wa La Morra, kimojawapo cha vijiji hivyo 11, Elio Altare, aliingia ghalani kwa baba yake na msumeno wa injini, akayakatakata mapipa ya zamani. Alikuwa amekwenda Burgundy, Ufaransa, akaona wakulima wenzake wanavyoishi vizuri, akarudi ameamua kubadili kila kitu. Yeye na wenzake wakapunguza siku za maganda, wakaleta barrique, mapipa madogo ya Kifaransa ya lita 225, ambayo yakiwa mapya huupa mvinyo harufu ya vanila na kuufanya uwe laini mapema. Baba yake alimnyima urithi. Kwa upande wa pili alisimama Bartolo Mascarello, mzee wa kijiji cha Barolo chenyewe, aliyekuwa akichora lebo za chupa zake kwa mkono. Moja ya lebo hizo ilibeba maneno “No Barrique, No Berlusconi”, yaani hataki mapipa hayo madogo wala hamtaki Berlusconi, tajiri aliyekuwa waziri mkuu wa Italia. Mpaka anafariki mwaka 2005 hakuiacha njia ya mapipa makubwa.

Mimi nampenda mzee Mascarello, na sifichi. Lakini si haki kumfanya Altare kuwa adui. Kizazi chake kilifundisha usafi wa ghala, kilifundisha kupunguza vishada ili vichache vinavyobaki viive sawasawa, na kiliileta dunia nzima mlangoni kwa Langhe. Leo wengi wamekutana katikati: mapipa makubwa yamerudi kwa wingi, siku za maganda zimeongezeka tena, na tanini zao ni nyororo kuliko zile za miaka ya sitini. Anayeusifia mvinyo wa jadi anasifia hiki: kwamba mbao hazikuweka kitu juu ya zabibu, kwa hiyo unachokionja ni Nebbiolo, kilima chake na mwaka wake. Vanila unaweza kuinunua dukani. Harufu ya kilima cha Serralunga, kijiji kingine cha Barolo, huipati kwingine.

Sasa turudi mezani kwenu Jumapili.

Kosa la kwanza lilikuwa friji. Baridi huupa ukakasi makali na huifunga harufu, kwa hiyo mlipata ukavu mtupu bila kile kinachoufidia. Vitabu huandika kwamba mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumba, lakini chumba kinachosemwa ni cha nyumba ya mawe ya Ulaya, nyuzi 16 hadi 18. Sebule ya Dodoma mchana ni nyuzi 28 au zaidi, na hapo kileo kitakupanda puani. Chupa iliyokaa kabatini iingize kwenye friji dakika 30, basi. Chupa iliyolala kwenye friji, kama hiyo yenu, itoe mapema kabla ya kumimina, ubaridi uiishe.

Kosa la pili ni sato. Samaki na mvinyo wenye ukakasi mwingi huzaa ladha ya chuma mdomoni, kama umelamba sarafu. La tatu ni pilipili: ukali wake hukifanya kileo kiunguze na ukakasi ukwaruze zaidi. Mvinyo wowote wenye ukakasi kama huu ungewashinda siku hiyo, msiulaumu wala msijilaumu.

Chakula chake ni nyama yenye mafuta iliyopikwa taratibu. Piemonte hupika brasato, pande la nyama ya ng'ombe lililochemka saa nyingi ndani ya mvinyo wenyewe pamoja na vitunguu, karoti na figili. Huna haja ya kuiga. Mkia wa ng'ombe uliotokota mpaka nyama inaachia mfupa utafaa kabisa, na mbuzi choma wa mnadani vilevile, mwenye mafuta yake, kwa chumvi peke yake. Protini na mafuta ya nyama hufanya kazi ileile iliyofanywa na maziwa kwenye kikombe chako cha chai. Mimi kwetu huinywa na pilau ya nyama isiyo na pilipili. Karafuu, mdalasini na bizari ya pilau huzungumza lugha moja na Nebbiolo, na sijaona mgahawa wa Kiitaliano uliofikiria kuviweka pamoja.

Kuonja kwenyewe kunakwendaje? Tafuta glasi yenye tumbo pana na mdomo uliobana kidogo. Mimina theluthi, usiijaze, kwa kuwa nafasi tupu ndiyo chumba cha harufu. Iinamishe juu ya karatasi nyeupe utazame ukingo. Katikati utaona wekundu wa kung'aa, pembeni wekundu huo unageukia rangi ya tofali la kuchoma. Kwenye mvinyo mwingine mwekundu rangi hiyo ingekuambia umezeeka. Nebbiolo huwa nayo mapema, usiogope.

Kabla ya kuizungusha glasi, nusa. Halafu zungusha mara tatu nne, nusa tena. Watu wa Barolo wana maneno mawili ya zamani wanayoyarudia: lami na waridi. Nilipoyasikia mara ya kwanza niliyaona ni mashairi ya wauzaji. Kisha jioni moja La Morra nikainusa Barolo ya miaka 12, na moja kwa moja nikawa nyumbani kwa bibi, mrashi unapitishwa sebuleni, marashi ya waridi yakidondoka kwenye viganja vya wageni. Na nyuma yake, kwa mbali, barabara mpya ya lami inayofuka baada ya mvua ya mchana. Vyote viwili, pamoja, ndani ya glasi moja. Nilinyamaza kwa muda. Wewe huenda usipate hivyo. Huenda ukapata tumbaku ya kunusa, ganda la chungwa lililokauka, karafuu, udongo, cheri kama uliwahi kuila. Usikopeshwe maneno ya mtu mwingine. Harufu ni kumbukumbu, na kumbukumbu zako ni za Dodoma. Ukiona inanukia ubuyu, andika ubuyu.

Kisha kunywa funda dogo, ulizungushe mdomoni, uvute hewa kidogo kupitia katikati ya midomo kama unayepoza chai. Hapo subiri ukakasi uje, ukifika uuchunguze badala ya kuukimbia. Umekaa wapi: ufizi wa mbele, katikati ya ulimi, au kooni? Ukoje: kama unga wa muhogo uliochekechwa, au kama mchanga? Barolo nzuri ya jadi ina ukakasi mwingi, lakini chembe zake ni ndogo, umeenea mdomo wote sawasawa, na hauachi uchungu. Ukiwa wa kokoto, tena umejibana sehemu moja na uchungu wa mbegu iliyotafunwa, basi zabibu hazikuiva au mkamuaji alikuwa na pupa. Ukishameza, hesabu kimoyomoyo. Ukavu utaanza kuondoka, mate yatarudi kwa sababu ya uchachu, na ule waridi utapanda tena kutokea kooni kwenda puani. Mvinyo wa kawaida humalizika kwa sekunde tano. Huu unaweza kufika thelathini. Ukinibana niseme kitu kimoja tu wanachokisifia, ni hicho: kwamba unaondoka polepole, na ukiwa unaondoka unaendelea kusema.

Sasa ubovu, ili siku nyingine uujue mwenyewe. Mvinyo ulioharibiwa na kizibo hunuka boksi la kadibodi lililolowa au kitambaa cha deki kilichosahauliwa ndoo. Harufu zote nzuri hupotea. Ulioingiwa na hewa hunuka siki. Uliopikwa na jua hunuka jamu iliyoungua, na mara nyingi kizibo hujitokeza nje ya shingo. Huo wa tatu ndio adui mkubwa wa mvinyo huku kwetu. Niliwahi kukuta makasha mawili ya Brunello, mvinyo mwingine mwekundu wa Italia, yameachwa nje ya ghala la hoteli niliyokuwa nikifanya kazi, juani tangu asubuhi hadi alasiri. Vizibo vilikuwa vimepanda kama uyoga. Nilifungua chupa moja nikaonja: zabibu kavu na moshi, hakuna kingine. Chupa 12 ambazo mtu alizilea miaka mitano ziliuawa kwa saa sita. Tangu siku hiyo nikinunua chupa napapasa kwanza kizibo kwa kidole juu ya kifuniko chake. Kimelala sawa na shingo? Nanunua. Kimepanda? Naiacha, hata iwe na jina gani. Mvinyo wenu ulikuja na shemeji kutoka Torino, na hukunitajia siki wala boksi lililolowa. Ni mzima.

Ukipenda kuendelea, usirukie Barolo nyingine. Tafuta Barbera, zabibu ya vilima vilevile ambayo wenyeji hunywa kila siku. Rangi yake ni nzito, uchachu mwingi, ukakasi kidogo mno. Weka glasi ya Barbera kando ya glasi ya Nebbiolo ya bei nafuu, ile inayoandikwa Langhe Nebbiolo, na ndani ya dakika tano utazitofautisha limau na chai iliyochemka sana bila kuambiwa na mtu. Zoezi hilo limewafundisha wageni wangu kuliko hotuba zangu zote.

Mkoa wa Toscana, katikati ya Italia, wana zabibu ya Sangiovese, inayokaa katikati ya hizo mbili: cheri chachu, majani makavu ya chai, ukakasi wa wastani. Ndiyo inayotawala Chianti, mvinyo uliowekewa mipaka ya ardhi tangu mwaka 1716 kwa amri ya mtawala Cosimo III. Chupa yenye jogoo mweusi ni Chianti Classico, kutoka eneo la asili, na lazima Sangiovese iwe angalau asilimia 80. Kusini zaidi, Montalcino, Sangiovese peke yake hutoa Brunello, ambayo kwa familia ya Biondi-Santi ilianza na mavuno ya mwaka 1888. Angalia neno moja lisikuchanganye: Vino Nobile di Montepulciano ni mvinyo wa Sangiovese kutoka mji wa Montepulciano huko Toscana, Montepulciano d'Abruzzo ni zabibu nyingine kabisa, kutoka mkoa mwingine. Nimeona wauzaji wazoefu wakizichanganya.

Na kuna moja inayokuhusu wewe zaidi kuliko mimi. Kusini mwa Italia, kwenye milima ya Irpinia nyuma ya Napoli, zabibu iitwayo Aglianico hutoa mvinyo wa Taurasi, ambao sheria inautaka ukae miaka mitatu kabla ya kuuzwa. Huiva kwa kuchelewa kama Nebbiolo, mara nyingi mwishoni mwa Oktoba au Novemba, na ukakasi wake hauna mzaha. Aglianico hiyohiyo imepandwa Hombolo, hapo Dodoma kwenu, pamoja na zabibu za kaskazini ya Italia kama Teroldego na Marzemino. Ukikuta chupa kavu ya Dodoma yenye jina la Aglianico, inunue, kisha siku moja uinywe kando ya Taurasi. Ardhi yako ina jua kali na mavuno mawili, ile ina majivu ya volkano na baridi ya usiku. Zabibu ni moja. Nitafurahi sana kusoma utakachoandika.

Kuhusu nusu chupa: kama mlirudishia kizibo, siku nne tano kwenye friji haziiui. Barolo changa ikipata hewa siku moja au mbili mara nyingi huwa nzuri kuliko ilivyokuwa ilipofunguliwa, hata mimi huifungua leo niinywe kesho. Itoe jioni hii kabla hujabandika nyama, imimine kwenye jagi pana na safi lisilo na harufu ya sabuni, iache ipumue wakati mnapika: ndizo zile saa mbili za subira. Ukiona mashapo chini ya chupa usiyamimine. Ni tanini na rangi zilizochoka zikatua. Mgawie mume wako glasi moja, nawe moja, tena baada ya kutia nyama mdomoni, si kabla. Kileo chake ni asilimia 14 hivi, kwa hiyo glasi moja kila mmoja inatosha na inabaki.

Halafu niangalizie jambo moja kwenye lebo. Chini ya neno Barolo huenda kuna jina jingine. Tangu mwaka 2010 kuna majina 181 ya mashamba na vijiji yanayoruhusiwa kuandikwa hapo. Kama utakuta Serralunga d'Alba, upande wa mashariki, ardhi yake ni ya zamani na ngumu, yenye chokaa nyingi, na mvinyo wake ndio mkali kuliko wote ujanani. Hapo nitajua kwamba shemeji aliwaanzisheni kwenye kilele cha mlima. Kama ni La Morra, ambako udongo ni laini na harufu hufunguka mapema, basi lawama zote ni za friji, na leo jioni mtakunywa kitu kingine kabisa.